Vijiti Juu ya Barafu

Novemba 9

Dada yangu Gádja, amani ya Mungu iwe nawe. U hali gani? Goti limekubali kukunjika baada ya ile operesheni, au bado unashuka ngazi kinyumenyume? Na huko kusini mnalala salama? Sisi wa huku tu wazima. Baridi haijakaza, jana ilikuwa nyuzi kumi na mbili tu chini ya sifuri, hali ya hewa ya watoto.

Nimenunua daftari hili dukani kwa sababu kwenye simu mimi ni mtu wa "tunaendelea vizuri", unanijua. Kwa kalamu nasema. Nitakuandikia majira yote ya mianga ya mbinguni, kisha theluji ikilegea nikutumie daftari zima kwa posta. Ukiona nimekasirika ukurasa huu, fungua unaofuata, huenda nimetulia. Huenda.

Habari yenyewe ni kwamba nimekubali kumpikia Jovnna. Mdogo wetu sasa anawapeleka wageni ziwani Bealljajávri jioni, wanaangalia mianga ya kaskazini na kula kando ya moto. Amesimamisha hema la baba. Mimi kazi yangu ni sufuria.

"Dada, we pika tu," aliniambia. "Maneno niachie mimi."

"Maneno gani?"

"Ya kuwachangamsha. Watu hawatoki mbali hivyo kuja kula viazi."

Anataka nivae vazi la sikukuu na bruchi zangu za fedha za kifuani. Siku ya Jumanne, Gádja. Nikamwambia mama angefufuka. Akasema mama angevaa, na skafu ya hariri angeongeza. Nikakasirika, halafu nikavaa, maana kuhusu mama anasema kweli.

Ndiyo, ziwa ni lile lile. Najua unachotaka kuuliza. Jovnna anasema hakuna mahali pengine mbingu ilipo wazi namna ile. Mimi nimekubali kwa sababu yangu. Tarehe ishirini na moja Heaika, mume wangu, atatimiza miaka miwili tangu barafu immeze pale kwenye mlango wa kijito, na bado nina hasira naye. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa, anayejua kwamba pale maji hayalali, hayagandi, hata Januari, anapitaje pale gizani? Uliposema msibani kwamba Heaika alikuwa mtu wa haraka siku zote, niliitikia kwa kichwa. Picha yake bado iko kabatini. Naenda pale nimwonyeshe kwamba simwogopi.

Novemba 13

Jovnna amepanda vijiti vya kuonyesha njia ya kuvuka ziwa. Matawi ya miti ya mbetula, hatua kumi na tano kila kimoja, kama baba alivyotufundisha. Anatoboa barafu kwa keekee, anapima kwa rula, anapanda, anahesabu. Akifika mwisho anarudi kuhesabu upya. Leo ameenda mara tatu.

"We Jovnna, vimezaa?" nikamuuliza.

Hakucheka. Zamani ulikuwa unamsukuma kwa fimbo aamke. Nikasema moyoni, angalau kazi imemkomaza.

Novemba 17

Wageni wa kwanza, kumi na wawili. Baridi nyuzi ishirini. Mianga ilikuja saa mbili kasorobo, kijani, ikajikunja juu ya ziwa kama pazia linalopigwa na upepo. Nilitaka kunyamaza kama tulivyolelewa. Unakumbuka baba alivyokuwa akizifunga kengele za kulungu wetu wa kufugwa kwa kitambaa mianga ikiwaka, ili zisiisumbue?

Sasa sikia alichofanya mtoto wa baba yule. Aliwagawia wageni vitambaa vyeupe wapunge, akawafundisha kupiga mluzi. Watu wazima kumi na wawili wanaipigia mbingu mluzi kama wanaita mbwa. Na mmoja, alipotoka hemani, aliruka juu ya mafiga badala ya kuzunguka, na buti likanigusa kifuniko cha sufuria.

Wakati wa kufunga mizigo nikamwambia, "Baba alitupiga kwa sababu ya mluzi mmoja tu, mimi na wewe."

"Ni mchezo tu, dada. Ule ni upepo wa jua. Sayansi."

"Kama ni sayansi, vitambaa vya nini?"

Akasema sufuria imerudi tupu, hakuna mgeni aliyeacha nyama. Ndivyo anavyojibu siku hizi.

Novemba 21

Miaka miwili. Hakuna wageni. Jovnna hakuonekana kutwa. Sikuenda kaburini.

Novemba 29

Mawingu. Wageni walikula kimya wakiangalia juu ya hema kama kuku wanaomhofia kipanga. Mluzi haukusaidia.

Desemba 6

Kuna jambo limenigusa, Gádja, ngoja nimwache Jovnna kidogo. Wageni hawa nilikuwa nawahukumu bure. Kila jioni, wakishashiba nyama na viazi, Jovnna anasimama kando ya moto wa nje kuwahadithia. Mimi nabaki mlangoni mwa hema na birika la kahawa. Kiingereza changu unakijua, ni "karibu" na "angalia, moto". Basi mwishoni Jovnna ananionyesha kwa mkono, na wageni wote wananigeukia kwa macho ya upole. Halafu wanakuja mmoja mmoja, wananishika mkono kwa mikono yao miwili. Jana mama mmoja alilia. Alinikumbatia na mwiko wangu ukiwa katikati.

"Unawaambia nini juu yangu?" nikamuuliza Jovnna.

"Nawaambia wewe ndiye mpishi."

Sijawahi kumliza mtu kwa viazi. Nilicheka peke yangu njia nzima ya kurudi. Usiku niliwaombea.

Desemba 13

Wageni kumi na wanne. Wote wameshika mkono wangu. Mzee mmoja alinivulia kofia katika baridi ya nyuzi ishirini na nane, masikio yake yakawa meupe.

Desemba 24

Jua halijaonekana mwezi mzima. Nimemsomea Jovnna Injili ya Krismasi mezani. Alitoka nje kabla sijamaliza, akasema anaenda kuangalia vijiti. Usiku wa Krismasi, vijiti. Nimechemka kama birika.

Januari 3

Baridi nyuzi thelathini na nne. Kahawa inashika barafu ukingoni mwa kikombe. Wageni wamenishika mkono.

Januari 16

Gádja, kaa chini usome hii.

Leo kwa wageni alikuwemo bibi mmoja Mfini, Kerttu, mwenye kitambaa kichwani kilichofungwa kama cha watu wetu wa nyumba ya sala. Aliingia hemani kabla ya chakula, akazunguka mafiga vizuri, akanisalimu kwa Kifini: amani ya Mungu. Nikamjibu kwa Kifini kile cha mahubiri, ambacho ndicho nilichonacho. Tuliongea kuhusu wajukuu zake na kuhusu uboho, kwamba siku hizi vijana hawajui kuupasua mfupa. Nilisikia raha kama nimekutana na jirani.

Kisha Jovnna akasimama kwenye moto akahadithia. Akaninyooshea mkono. Wakanigeukia. Wakaanza kuja. Kerttu alikuja wa mwisho, uso umemtoka rangi.

"Dada," akaniambia, "pole sana. Lakini nisamehe nikuulize. Mume wako alikuwa mtu wa imani?"

"Alikuwa."

"Sasa kwa nini aliipigia mluzi?"

Nikasema sijaelewa. Akarudia polepole. Akanieleza yote, akiwa amenishika kiwiko. Kwamba kila jioni mdogo wetu anawaambia wageni palikuwa na mchungaji mmoja wa kulungu, shujaa, mwenye kiburi, aliyesimama katikati ya ziwa hili na kuipigia mianga mluzi usiku kucha. Mianga ikashuka, ikamchukua, barafu ikafumbuka. Na mjane wake ndiye yule pale mlangoni, anayewapakulia. Kila jioni anakaa akimngoja.

Heaika, Gádja. Ambaye hata mbwa hakumpigia mluzi siku ya Jumapili.

Miezi miwili nimesimama pale na bruchi zangu. Miezi miwili nimewashukuru watu kwa kunililia, nikidhani wamependa mchuzi.

Niliutua ule mwiko. Nikamsubiri Jovnna awapakie wageni kwenye magari, nikasimama mbele ya pikipiki yake ya theluji.

"Alipiga mluzi?" nikasema.

Akajua papo hapo. "Nani kakwambia?"

"Nimekuuliza. Heaika alipiga mluzi?"

"Dada, ni hadithi. Wageni wanapenda hadithi."

"Wapo mamia waliokufa kwenye maziwa ya nchi hii. Ukakosa wa kumfanya mpumbavu mpaka ukamchukua wangu?"

"Sijamfanya mpumbavu. Nimemfanya shujaa."

"Shujaa hapigi mluzi, Jovnna. Anayepiga mluzi ni wewe."

"Wewe mwenyewe humsemi vizuri," akasema. "Miaka miwili humtaji. Mimi angalau namtaja."

Hilo lilinipata, sikufichi. Nilipanda kwenye sleji nikakaa nimempa mgongo hadi nyumbani.

Januari 17

Sijalala. Nimesali, lakini sala yenyewe ilikuwa ugomvi.

Januari 19

Nimempa sharti. Akiisema hadithi ile tena hata nusu, mimi na sufuria tunaondoka. Akakubali haraka mno, kama mtu aliyekuwa anasubiri akatazwe. Sasa anawaambia majina ya nyota. Hakuna anayenishika mkono. Afadhali.

Februari 2

Jua limerudi wiki ya pili. Mimi na Jovnna tunaongea kuhusu kuni na chumvi tu.

Februari 8

Jana tulikuwa kwenye nyumba ya sala. Baada ya mahubiri watu wakaanza kuombana radhi kama ilivyo desturi, vilio na kukumbatiana kila upande. Jovnna akapita katikati ya mabenchi, akanijia.

"Dada, nisamehe yote," akasema.

Unajua wajibu wangu pale. Haulizwi mtu ni lipi. Unamwekea mkono shingoni, unamtamkia msamaha kwa jina na damu ya Yesu, mnalia, mnakwenda kunywa kahawa. Maisha yangu yote sijawahi kumnyima mtu yale maneno. Nikainua mkono, na mkono ukakataa.

"Yote ni mengi," nikamwambia. "Taja."

"Ile hadithi."

"Na nini?"

Aliniangalia, Gádja, kwa macho yale ya utotoni alipovunja dirisha la shule. Mimi nilifikiri nauliza kuhusu hadithi tu. Uso wake ndio ulioniambia kwamba kuna kitu kingine. Akageuka akatoka bila kofia. Watu wakaniangalia mimi, mwenye moyo mgumu. Nikanywa kahawa yangu peke yangu.

Februari 15

Upepo. Safari imeahirishwa.

Februari 16

Upepo.

Machi 5

Mchana wa leo ulikuwa wa joto, theluji ikawa nzito. Nilifika ziwani mapema kuwasha moto, nikamwona Jovnna mbali, karibu na mlango wa kijito. Alikuwa amepiga magoti. Hakuna njia kule, hakuna vijiti kule, na mtu hana shughuli kule. Alikuwa anapapasa theluji kwa mikono kama anatafuta kitu kilichodondoka.

Nilipomuuliza akasema anapima barafu. Rula ilikuwa imelala kwenye sleji, miguuni pangu.

Tangu Novemba nimemwona akihesabu vijiti. Nilicheka, nikasifu, nikakasirika. Leo ndiyo mara ya kwanza nimejiuliza kwa nini.

Machi 6

Nimekumbuka jambo. Mwaka ule mvua ilinyesha juu ya barafu mwisho wa Oktoba. Heaika alirudi akisema vijiti vilivyo karibu na kijito lazima ving'olewe, njia ihamie juu kwenye rasi. Alikuwa na homa. Akasema, "Jovnna atakwenda." Kesho yake nikamsikia Heaika akimuuliza Jovnna kwenye simu kama tayari, na akaweka simu chini ametulia.

Nimeandika hayo tu. Sitaki kuandika yanayofuata.

Machi 14

Sijamuuliza. Nikimuuliza atasema hapana, na nikishamsikia akisema hapana nitaogopa nitakachofanya. Nalia kwenye vitunguu ili isionekane.

Machi 28

Jioni ya mwisho ya majira. Wageni tisa. Mianga ilitoka mapema, bado mbingu ina samawati upande wa magharibi, nyekundu kidogo pindoni, namna ile unayoiona mara moja katika miaka kadhaa. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika.

Jovnna alianza na nyota zake. Kijana mmoja wa kike akamkatiza, akacheka, akasema kitu, akajifanya kupiga mluzi kwa midomo. Nikaelewa bila kutafsiriwa. Ameambiwa na waliokuja Desemba. Wanaitaka hadithi ya mtu na mluzi.

Jovnna akanigeukia, akavua kofia, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya kawaida kabisa, moto ukiwa katikati yetu:

"Dada, vijiti sikuvihamisha."

Nikasema, "Endelea."

"Heaika aliniuliza, nikamwambia tayari. Nilikuwa nimelala nyumbani. Nilifikiri nitakwenda kesho, halafu kesho nyingine. Usiku ule theluji ilikuwa inaanguka, mtu haoni kitu. Alifuata vijiti."

"Kisha?"

"Mimi ndiye niliyefika wa kwanza. Shimo lilikuwa limeshashika barafu mpya, dada, nyembamba hivi. Pikipiki yake haionekani. Hakukuwa na wa kuokoa, nakuapia."

"Usiape. Watu walipokuja vijiti vilikuwa tayari kwenye rasi. Kila mtu alisema Heaika ameiacha njia. Ulivihamisha lini?"

Akaigeuza kofia mikononi.

"Jovnna. Uliita watu kwanza, au ulihamisha vijiti kwanza?"

"Vijiti kwanza," akasema.

Wageni walikuwa wametulia kabisa. Walidhani ni sala ya kale, Gádja, au wimbo wetu wa mianga. Mmoja alikuwa ametuelekezea simu, anapiga picha. Jovnna alipokaa chini na kujifunika uso, wakapiga makofi, makofi ya glovu, pu pu pu.

Nilizunguka mafiga. Nikawamiminia kahawa wote tisa. Nilipofika kwake nikammiminia naye, ikajaa ikamwagika juu ya mkono wake, na sikuacha upesi. Hilo ni dhambi yangu na nimeliandika.

Kisha akasimama, akawaeleza wageni kwa Kiingereza. Ilikuwa fupi. Hakuna aliyelia. Yule binti aliyeomba hadithi aliangalia viatu vyake. Mzee mmoja akauliza kama nyama imebaki.

Machi 29

Sikwenda kwenye nyumba ya sala. Nimetoa picha ya Heaika kabatini. Nimeiweka mezani, nikashindwa kuitazama, nikaigeuza, nikaigeuza tena.

Miaka miwili nimemlaumu mtu kwa kufuata njia aliyowekewa na ndugu yangu mwenyewe.

Aprili 1

Jovnna alikuja asubuhi. Alibaki kizingitini, mkono umefungwa bandeji.

"Sijaja kuomba yote," akasema. "Nimekuja kuomba lile."

"Litaje tena."

Akalitaja. Sauti ilikatika kwenye "vijiti kwanza" lakini akalifikisha. Nikamwekea mkono shingoni. Mkono ulikuwa mzito kama gogo lililolowa mvua. Nikasema yale maneno yote, kwa jina na kwa damu, sikuruka hata moja. Alilia. Mimi sikulia.

Watu wanasema ukishayatamka hasira inatoka. Haijatoka. Nimemsamehe na bado nina hasira naye, viwili hivyo vinakaa ndani yangu kama wake wenza, Mungu mwenyewe ataona vitalalaje. Nilimtengenezea kifungua kinywa. Nikamkatia mkate mwembamba.

"Kwa watu wa Heaika utakwenda wewe mwenyewe," nikamwambia. "Pasaka, wote wakiwepo. Utasimama."

"Nitasimama."

"Na mwakani ukitaka sufuria yangu, pale kwenye moto nasema mimi. Nifundishe kwa Kiingereza: mume wangu alifuata vijiti."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Wakitaka kulia watalilia hayo."

Akanifundisha. Nimekuwa nayasema tangu asubuhi nikiosha masufuria. Ulimi unajikwaa kwenye neno la vijiti.

Aprili 3

Nimekwenda kaburini na koleo. Theluji ilikuwa hadi kifuani, nilichimba karibu saa nzima mpaka nikafika kwenye jiwe. Nikamwomba Heaika radhi. Nilitaja: nilikuita mzembe. Niliitikia walipokusema. Nilikufungia kabatini. Yeye hawezi kunijibu yale maneno, nikakaa pale hadi vidole vikafa ganzi, nikarudi.

Daftari linakwenda posta leo, dada, sitangoja theluji ilegee. Jovnna atakupigia mwenyewe; msikilize, mtukane ukitaka, usimkatie simu. Lakini mimi nina langu kwako. Lile neno ulilosema msibani, la haraka, tulilisema sote wawili, wewe kwa mdomo na mimi kwa kichwa. Langu nimekwenda kulifuta. Lako siwezi kulifuta mimi. Liandike kwenye karatasi kwa mkono wako, nimpelekee, nimsomee pale nilipochimba kabla theluji haijapafunika tena.

Nijibu upesi, Gádja.

Dada yako,
Ravdna